PNG sio HD: tuelewane kuhusu mafaili ya picha kabla hujapoteza hela ya kuprinti

Kuna kauli inazunguka sana siku hizi kwenye magrupu, na hata baadhi ya mafundi wa kuprinti hapa mjini wanairudia, kwamba ukitaka picha itoke na kwoliti basi ibadilishe iwe PNG. Mtu ana JPG aliyotumiwa WhatsApp, ina ukungu ukungu, anaambiwa atafute app ya kuigeuza alafu ndo aipeleke Kariakoo ikaprintiwe kubwa. Anafanya hivyo, faili linatoka KB mia na kitu linakuwa MB mbili, anaona eeh sasa imenenepa, analipia kanvasi, na kinachotoka ni ukungu ule ule ila sasa una upana wa mita nzima. Hela imeenda na lawama zote kwa fundi.

Linaniuma hili kwa sababu picha zinazoharibikaga hivi sio za mchezo. Ni picha ya marehemu mama ambayo familia inataka iwekwe sebuleni, ni mahafali ya mtoto wa kwanza kwenye ukoo kufika chuo. Na mara nyingi faili zuri lilikuwepo kabisa, limekaa kwenye simu ya aliyepiga, ila hakuna aliyejua kwamba ndo la kuombwa. Kwahiyo leo tuende taratibu, tuanzie chini kabisa.

Picha ya simu au kamera ni vidoti vidogo sana vilivyopangwa kwa mistari, kila kidoti kinaitwa pikseli, na kila pikseli ina rangi iliyoandikwa kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Kamera ya megapikseli 12 inakupa vidoti 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Sasa ukiandika kila kidoti kama kilivyo bila kufupisha chochote, kila kimoja kinakula baiti tatu, jumla ni MB 36 kwa picha moja. Picha 30 tu na umeshapita GB moja ya bando. Hakuna simu wala mtandao ungevumilia hivyo, kwahiyo lazima picha ibanwe kabla haijahifadhiwa, na ile njia ya kubana ndo tunaita fomati. JPG, PNG, HEIC, WebP, zote hizo ni majibu tofauti ya swali moja tu: hizi MB 36 tuzibane vipi?

Na majibu yako ya aina mbili. Kuna fomati zinabana bila kutupa kitu, na kuna zinazobana kwa kutupa baadhi ya vitu. Ukishika hapo umeshika karibu kila kitu.

PNG iko kwenye kundi la kwanza. Yenyewe inatafuta vitu vinavyojirudia, kama kwenye mstari kuna vidoti 500 vyeupe vimefuatana haina haja ya kuandika nyeupe mara 500, inaandika kwa kifupi, na ukifungua faili unapata kila kidoti kama kilivyokuwa. Ndo maana skrini shoti ya meseji ya muamala ikiwa PNG inakuwa ndogo na herufi zake zimekaa kali kabisa, maana sehemu kubwa ni rangi moja iliyotulia. Sasa chukua picha ya Mtaa wa Kongo mchana, watu wamejaa, vitenge vimening'inia, jua na vivuli, hakuna kidoti kinachofanana na jirani yake. PNG inatafuta cha kufupisha inakosa, na picha moja ya simu inaweza kupita MB 15 bila hata kupendeza zaidi kwa macho. PNG ilitengenezwa kwa ajili ya michoro, logo, maandishi na skrini shoti, na hapo kwa kweli haina mpinzani. Hata kuzaliwa kwake hakukuhusiana na picha za kamera. Zamani mtandaoni watu walitumia GIF, ya mwaka 1987, yenye rangi 256 tu, alafu mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys iliyokuwa na hataza ya ile njia ya kubana iliyotumika ndani ya GIF ikaanza kudai malipo, ndo wataalamu wakakaa wakatengeneza fomati ya bure ya kuchukua nafasi yake, ikatoka 1996.

JPEG ni kundi la pili. Ilipitishwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 1992, na herufi zile ni za kikundi cha wataalamu wa picha walioitengeneza. JPG na JPEG ni kitu kimoja, hiyo tofauti ilitokana na kompyuta za zamani ambazo jina la mwisho la faili lilikuwa haliruhusiwi kuzidi herufi tatu, kwahiyo ukikutana na mtu anakwambia JPEG ni bora kuliko JPG usibishane naye sana, mwoneshe tu.

Ujanja wa JPEG umesimama kwenye jicho la binadamu. Macho yetu ni makali kwenye mwanga na giza ila ni mazito kwenye tofauti ndogo ndogo za rangi, kwahiyo JPEG inapunguza taarifa za rangi kwanza. Alafu inaikata picha kwenye vimraba vya vidoti 8 kwa 8, ndani ya kila kimraba inabakiza mambo makubwa na kutupa yale madogo madogo ambayo jicho lingeyapita tu. Matokeo yake zile MB 36 zinakuwa MB 3 mpaka 5, na ukiiangalia kwenye simu huoni kilichopungua. Ni kazi kubwa sana ile, na mpaka leo ndo fomati inayokubalika kila sehemu, kuanzia kompyuta ya steshenari mpaka TV ya ukumbini.

Ila kilichotupwa kimetupwa. Fundi cherehani akishakata kitambaa akashona shati, vipande vikaenda na takataka, hata ulitundike shati kwenye kabati kubwa kiasi gani vile vipande havirudi. Kugeuza JPG iwe PNG ndo kulitundika shati kwenye kabati kubwa. Faili linanenepa kwa sababu PNG sasa inatunza kwa uaminifu mkubwa kila kidoti, pamoja na vile vilivyokwisha haribika.

Ukitaka kuona kwa macho yako chukua picha ya harusi iliyopita kwenye magrupu matatu manne, ifungue, vuta karibu sana pale ukingo wa shela jeupe unapokutana na suti nyeusi ya bwana harusi. Utaona vimraba, vinajipanga kabisa kama vigae, na pembeni ya ukingo kuna kama vumbi vumbi, vidoti vya kijivu ambavyo havikuwepo ukumbini. Vuta na kwenye maandishi ya nyuma ya hai tebo, majina ya maharusi yamezungukwa na uchafu huo huo. Ile ndo alama ya JPEG iliyobanwa kupita kiasi, ukishaijua huwezi kuisahau, na fundi yeyote wa kuprinti aliye makini ataiangalia hiyo kabla hajakuchaji.

Hapa pia kuna uongo mwingine wa kusafisha, kwamba JPG inachakaa kila ukiifungua. Hapana. Fungua mara elfu, kopi kwenye flashi, tuma kwa email, hamishia kwenye laptop, faili ni lile lile. Inachakaa pale unapoiediti na kuisevu upya, maana kila kusevu ni kubana tena juu ya kile kilichobanwa. Ukiweka filta ukasevu, kesho ukakata pembeni ukasevu, keshokutwa ukaweka maandishi ukasevu, umeibana mara tatu. Ndo maana ukitaka kuediti, kopi kwanza, edit kopi, na ile ya mwanzo iache kama ilivyo.

Sasa tuje WhatsApp, maana hapo ndo picha nyingi za hapa nchini zinapomalizikia. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inafanyiwa mambo mawili, inapunguzwa vidoti na inabanwa tena. Picha yako ya 4000 kwa 3000 inafika kwa mwenzako ikiwa na kama 1600 kwa 1200, ambayo hata milioni mbili haifiki. Milioni 10 zimebaki njiani. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD ambacho kinapitisha kubwa zaidi, kinasaidia, ila bado inabanwa. Siilaumu WhatsApp kwa hili, bando za watu ni ndogo na picha inatakiwa ifike, na kwa kuangalia kwenye skrini ya simu inatosha kabisa. Shida inaanza pale picha ya kuangaliwa kwenye simu inapopelekwa kuprintiwa.

Piga hesabu mwenyewe, sio ngumu. Printi nzuri ya kushika mkononi inataka vidoti 300 kwa kila inchi. Vidoti 1600 ukigawa kwa 300 unapata inchi tano na kidogo, kama sentimita 13 na nusu. Kwahiyo picha ile ya WhatsApp ni nzuri kwa albamu ndogo. Ukiitaka mita moja unabaki na vidoti kama 40 tu kwa inchi, na mtu akisimama sebuleni kwako ataviona. Ile ile ikitoka kwenye simu moja kwa moja na vidoti vyake 4000, A4 inatoka safi na inabaki, maana A4 nzima kwa 300 inataka 2480 kwa 3508.

Na tukiwa hapo hapo, kuna watu wakiambiwa "leta ya DPI 300", yaani vile vidoti 300 kwa inchi, wanaingia kwenye programu wanabadilisha namba kutoka 72 iwe 300 wanasevu wanarudi. Ile namba peke yake ni maelekezo tu kwa printa kwamba vidoti hivi vitandazwe vipi kwenye karatasi, haiongezi hata kidoti kimoja. Swali la kujiuliza ni picha ina vidoti vingapi na itakuwa na ukubwa gani. Bango la barabarani linaloangaliwa na abiria wa daladala toka ng'ambo ya Morogoro Road linaweza kuwa na vidoti vichache sana kwa inchi na likapendeza, kwa sababu hakuna anayeliangalia kwa karibu.

HEIC nayo inasumbua watu bure. iPhone zilianza kuitumia 2017 na iOS 11, na sababu ni nzuri tu, kwa ubora ule ule faili linakuwa karibu nusu ya JPG. Kwa mwenye simu ya GB 64 hiyo ni nafuu kubwa. Sasa unapeleka flashi steshenari, kompyuta ni ya siku nyingi, inakwambia faili halifunguki, na kijana wa pale anakwambia picha zako zimekufa. Hazijafa. Kompyuta tu haijui hiyo fomati. Usikubali mtu afute alafu "akurudishie", na usibadilishe jina la mwisho kutoka heic kuwa jpg ukadhani umebadilisha faili, umebadilisha jina tu na ndani ni HEIC vile vile. Inabidi igeuzwe kwa programu na isevwe kama JPG. Na kama hii adha unakutana nayo kila wiki basi ingia Settings, kisha Camera, kisha Formats, chagua Most Compatible, kuanzia hapo simu itapiga JPG moja kwa moja, za zamani zitabaki kama zilivyo.

WebP ni ya Google, ya 2010, ndo ile unadaunlodi picha mtandaoni alafu Word ya zamani inaikataa. Stika zako za WhatsApp ni WebP. Inabana vizuri kuliko JPG, ila ni ya kurasa za mtandaoni, hakuna sababu ya kuhifadhia humo picha za familia. TIFF utaisikia kwa watu wa magazeti na vitabu, ni kubwa na mara nyingi haitupi kitu, na kama hakuna mchapaji aliyekuomba huihitaji.

RAW ndo inahitaji maneno mengi kidogo maana hapa wapiga picha na wateja wanagombana kila msimu wa harusi. Mteja ameshasikia sehemu kwamba RAW ndo "orijino", anataka apewe zote, mpiga picha anakataa, mteja anaona anafichwa kitu.

RAW ni kile kilichonaswa na sensa ya kamera kabla hakijapikwa kuwa picha. Kila kampuni ina yake, Canon wana CR2 na CR3, Nikon wana NEF, Sony wana ARW, na Adobe walileta DNG mwaka 2004 ili angalau kuwe na moja ya wote. Tofauti yake na JPG iko kwenye ngazi za mwanga. JPG ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Hiyo maana yake nini kwa sisi? Fikiria ukumbi wa harusi saa tatu usiku, dj kawasha taa za zambarau, bibi harusi ana shela jeupe pe, bwana harusi ana suti nyeusi, na ngozi za wote wawili ni nyeusi nzuri ambayo inahitaji mwanga uiheshimu. Kamera ikipiga JPG inaamua pale pale, shela linaungua linakuwa doa jeupe lisilo na maua wala shanga, suti inakuwa shimo, na nyuso zinakuwa zambarau. Mpiga picha akijaribu kurekebisha kesho yake anavuta mwanga kwenye suti kinatoka kijivu chenye vimraba, maana taarifa ilishatupwa. Kwenye RAW anashusha mwanga wa shela shanga zinarudi, anapandisha kivuli kola ya suti inaonekana, anaitoa ile zambarau na ngozi inarudi kwenye rangi yake ya kweli. Sio kila kitu kinarudi, palipoungua kabisa pameungua, ila nafasi ya kuokoa ni kubwa sana.

Kwahiyo kwa mpiga picha wa harusi RAW mimi naona ni lazima, sio anasa. Lakini kwa mteja RAW haifai chochote kama hana programu ya kuisafisha na mtu anayejua kuitumia, maana ikifunguliwa bila kupikwa inaonekana imepauka, haina uhai, na haifunguki kwenye simu nyingi. Cha kumwomba mpiga picha, na kiandikwe kwenye makubaliano kabla ya kutoa advansi, ni JPG zilizosafishwa zenye vidoti vyote vya kamera, kwenye flashi au kwa linki ya Drive. Zile anazokutumia WhatsApp zihesabu kama za kupostia status.

Logo ni habari nyingine kabisa na hapa PNG inapata heshima yake. Kikundi cha vikoba kinataka fulana, katibu anatuma logo ya JPG, fulana ni ya kijani, logo inatoka na boksi jeupe limeizunguka. JPG haijui kuwa na sehemu isiyo na rangi, kila kidoti lazima kiwe na rangi, kwahiyo pale patupu panajazwa nyeupe. PNG inaweza kuacha patupu pakawa patupu kweli. Na ukiwa unamlipa mtu wa grafiksi akutengenezee logo mdai pia faili la vekta, SVG au PDF, ambalo halina vidoti bali limeandikwa kwa mistari na mikunjo, unaweza kuliprinti kwenye peni au kwenye ukuta wa ghorofa na ukingo ukabaki mkali. Usipolidai siku ile, baada ya miaka miwili utamtafuta humpati na utalipia logo ile ile mara ya pili.

Wale wanaojaza fomu mtandaoni, za kazi, za vyuo, mfumo unakataa picha kwa sababu imezidi KB fulani. Watu wengi wanaipiga skrini shoti picha yao ili ipungue, au wanashusha ubora mpaka uso unakuwa na vimraba. Anza na vidoti kwanza. Picha ya pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45 inataka vidoti kama 413 kwa 531 tu, na wewe umepiga na simu inayotoa milioni 12. Kata ibaki kichwa na mabega, punguza upana ufike kama 600, alafu sevu JPG kwa ubora wa asilimia 85 au 90. Itakuwa na KB chache na uso utakuwa safi. Fanya hayo yote kwenye kopi.

Na ukitaka kutuma faili lenyewe kwa WhatsApp bila kubanwa, bonyeza alama ya kuambatisha chagua Document badala ya Gallery, litafika na vidoti vyake vyote. Ila kwa njia hiyo linaenda pia na taarifa zilizoandikwa ndani yake, tarehe na saa, aina ya simu, na kama kamera yako iliruhusiwa kujua ulipo basi na mahali picha ilipopigwa, ambapo ukituma picha kwa njia ya kawaida WhatsApp inaziondoa hizo. Kwa fundi wa kuprinti unayemfahamu sawa, lakini picha ya mtoto aliyesimama kwenye geti la nyumbani usiitume hivyo kwa mtu usiyemjua, au zima kabisa ruhusa ya lokesheni kwenye setingi za kamera kabla hujapiga.